Kitambaa Kilichokunjwa Mara Mbili

Kosa lilitokea Jumanne, siku tatu kabla ya sikukuu, na lilifanywa na mikono iliyokuwa imekata vitambaa kwa miaka thelathini.

Baba alitandaza juu ya meza kitambaa cha buluu chenye mistari myembamba. Fundi akikata shati hukunja kitambaa mara moja, ili upande wa kulia na wa kushoto utoke pamoja. Kwa mashati yetu, langu na la Kaka, Baba alikuwa akikunja mara mbili. Mimi na Kaka tulilingana umbo tangu nilipomfikia kimo, na Baba hakuona sababu ya kurudia kazi. Mkasi ukipita mara moja, yanatoka mashati mawili. Ndivyo tulivyovaa kila sikukuu, sare kama wahudumu wa hoteli, na Kaka alikuwa akisimama mlangoni kuwapokea wageni na kuwauliza kama wameshaagiza.

Jumanne hiyo nilikuwa kwenye cherehani, namalizia pindo la gauni la mteja. Niliusikia mkasi ukisaga kitambaa kwa uzito, sikuinua kichwa. Kisha ukanyamaza. Nilipotazama, Baba alikuwa amesimama na kipande cha mgongo katika mkono wa kushoto, na kipande kingine cha mgongo katika mkono wa kulia, anavitazama kwa zamu.

Migongo miwili. Kaka tulimzika mwezi wa sita.

Baba aliviweka vipande vyote pamoja, akavifunga kwa ukanda wa kitambaa, akauweka mzigo ule kwenye rafu nyuma yake. Halafu akaniambia, kwa sauti yake ya kila siku, kwamba mama wa gauni la kijani alikuwa mlangoni na nisimsimamishe.

Wiki ya sikukuu katika duka la fundi haina nafasi ya mtu kuketi na huzuni yake. Watu wanaingia na haraka zao. Wengi walikuwa na utu, nisiwasingizie. Walisimama, wakashika mkono wa Baba kwa mikono miwili, wakasema pole sana kwa msiba, kazi ya Mungu haina makosa, halafu bila kuvuta pumzi wakauliza suruali itakuwa tayari saa ngapi. Redio, fundi viatu wa mlango wa pili, tuliyempa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, alikuja mara tatu asubuhi ile kutuambia kuwa sikukuu ya kwanza baada ya msiba ndiyo ngumu, ya pili inakuwa afadhali. Alikuwa amezika wake wawili, kwa hiyo alijihesabu mtaalamu. Mara ya tatu Baba alimwambia aende akaangalie gundi yake isije ikakauka.

Duka letu na nyumba yetu vinatenganishwa na mlango mmoja. Upande huu cherehani mbili, meza ya kukatia na chumba kidogo cha kupigia pasi chenye dirisha linalotazama dukani. Upande wa pili sebule, jiko, vyumba vya kulala, na Mama.

Mama alikuwa hajamsemesha Baba tangu mwezi wa sita. Hakupiga kelele, hakufungasha vitu. Aliacha tu kusema naye. Alimpikia, alimfulia, alimtengea maji ya kuoga, na kama alikuwa na neno alilipitisha kwangu. Mwambie baba yako chakula kiko mezani. Na Baba akiwa ameketi pale pale, hatua tatu kutoka kwake, ananisubiri mimi nimwambie. Niligeuka simu ya nyumba. Siku moja Baba alithubutu kusema, mwambie mama yako leo chumvi imezidi kidogo, na Mama akanijibu mimi, mwambie asile. Tungekuwa nyumba nyingine tungecheka.

Kisa chake kila mtu alikijua. Siku ile kulikuwa na koti la mteja lililobaki vifungo tu, na vifungo vya kahawia vilikuwa vimetuishia. Kaka alitoka kwenda kuvinunua, akagongwa na gari akivuka barabara kwa baiskeli, hata kona ya pili hakuifikia. Hospitalini Mama aliuliza alikuwa anakwenda wapi, maana saa zile alipaswa kuwa dukani. Baba akajibu, "Nilimtuma vifungo."

Maneno mawili tu. Mama alimtazama, akageuza uso, na huo uso hakuurudisha tena.

Wiki moja baada ya mazishi, mwenye koti alikuja. Alikuwa amenunua vifungo mwenyewe. Alivishika kwenye kiganja, vinne vikubwa na viwili vidogo, akawa hajui amkabidhi nani. Nilivipokea mimi, nikavishona, na mtu yule aliondoka na koti lake ameliweka mkononi, hakulivaa.

Jumanne jioni, tulipokuwa tunafagia nyuzi, nilimuuliza Baba tutafanya nini na vile vipande vya pili. Alisema vitashonwa. Kitambaa kimeshakatwa, akasema, hakiwezi kurudi kuwa kitambaa. Dada na mumewe wanakuja Ijumaa kula sikukuu, na huyo mume wa Dada ana mabega kama ya Kaka. Atavaa yeye.

Usiku kucha niliwaza neno lile. Shemeji ni mtu mwema, mwalimu wa hesabu, mpole hata kwa mbu. Sikuwa na ugomvi naye. Ila nilimwona mlangoni amevaa shati hilo, nami nimevaa langu, sare tena, kana kwamba duka limepata mfanyakazi wa kuziba pengo.

Jumatano mchana, wateja walipopungua, nilimwambia Baba sitalishona. Kama anataka, alishone mwenyewe.

"Msomi," alisema. Hilo ndilo jina langu dukani tangu nimalize chuo na kukosa kazi. Wenzake walianza kwa utani na likabaki. "Msomi, nina nguo kumi na moja za watu hapa. Kaa ushone."

Nilisema mengine ambayo sikumbuki yote. Nilisema amemsahau mwanawe, ndiyo maana amekata mashati mawili bila kufikiri. Baba akasema hajamsahau, mikono ndiyo haijapewa habari. Alisema kwa upole, na upole wake ukanizidishia hasira. Nilitaka anigombeze. Nilitaka mtu mmoja katika nyumba ile anigombeze kwa jambo lolote. Basi nikachukua neno lililo chungu kuliko yote niliyokuwa nayo.

"Ulimtuma vifungo, sasa unamshonea shati."

Baba aliweka mkasi chini. Aliuweka polepole, ncha zikitazama ukutani, jinsi alivyotufundisha.

"Nilikutuma wewe," alisema.

Nje Redio alikuwa anapigilia soli, nikahesabu nyundo tano au sita.

"Nilikuwa napiga pasi. Nikakuita, nikakwambia nenda kalete vifungo, ukaitika. Kisha nikamwona kaka yako dirishani, yeye ndiye anatoka, anacheka."

Ni kweli. Nilikuwa najaza fomu ya maombi ya kazi kwenye simu, na ilikuwa inafungwa saa sita kamili. Nilimwambia Kaka, bwana hebu niendee, nimebakiza ukurasa mmoja. Kaka alinipiga kofi la kichwa, la mapenzi, akasema siku nikiwa mkurugenzi nisije nikamtuma tena, nitafute tarishi. Akachukua baiskeli. Fomu niliituma saa sita kasoro dakika nne. Hawajajibu mpaka leo.

Miezi sita niliamini kwamba Baba hakujua. Niliamini kuwa alikuwa ndani, kwenye moshi wa pasi, na kwamba alipotoka na kukuta Kaka hayupo alidhani ni Kaka aliyemwita. Aliposema yale maneno mawili hospitalini niliyasikia na nikayaacha yapite. Nilijiambia nitasema baada ya mazishi. Baada ya mazishi nikajiambia nitasema Mama akipata nguvu. Kila siku ilikuwa na sababu yake nzuri.

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Nimwambie nani? Mama yako? Ameshazika mtoto mmoja." Alichukua chaki, akaichonga kwa wembe ingawa ilikuwa kali tayari. "Mimi ni mume. Mume anaweza kuishi bila kusemeshwa, wapo wanaokaa hivyo miaka na bado wanakula. Mtoto hawezi. Hili liishie hapa hapa, umenisikia? Sasa kaa, ushone."

Nilikaa, nikashona.

Alhamisi nililishona shati la pili lote mwenyewe. Kola, mabega, mikono, mfuko. Vitundu vya vifungo vilikuwa kazi ya Kaka tangu zamani. Alivishona kwa mkono, vidogo na vilivyokaza, na wateja walikuwa wakivionyesha kwa watu. Vyangu vilitoka kama midomo ya watu wanaopiga miayo. Baba alipita nyuma yangu akavitazama, akaenda zake.

Nikiwa nashona niliamua. Sikutaka uamuzi ule uonekane mkubwa. Ulikuwa umechelewa miezi sita, na kitu kilichochelewa hivyo hakina cha kujivunia. Lakini niliamini, na kwa moyo wangu wote, kwamba ukweli ukisemwa mezani, siku ambayo watu wote tumekaa, utatufungua. Mama atalia, Baba atalia, mimi nitaomba radhi, kisha Mama atamgeukia Baba. Niliiona picha hiyo waziwazi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nne na bado nilidhani watu wakilia pamoja wanakuwa wamemaliza.

Ijumaa, sikukuu yenyewe, Mama alipika kwa sababu Dada alikuja asubuhi akawasha jiko na kumpa kisu mkononi. Mama alikuwa amesema mwaka huu nyumbani kwake hakuna sikukuu. Dada akamwambia sawa Mama, hakuna, lakini watu wana njaa, katakata vitunguu. Ndivyo ilivyopatikana meza.

Saa saba tulikaa. Baba mwisho wa meza, mimi kando yake, Dada akipakua. Mama alikuwa bado jikoni. Baba akamwambia Shemeji kuna kitu chake chumbani, avae aje tuone. Dada alinitazama, hakujua ni nini. Shemeji, maskini, alitoka amelivaa, anatabasamu, akainua mikono kuonyesha jinsi lilivyomkaa. Lilimkaa vizuri kuliko langu lilivyonikaa mimi. Miezi ile nilikuwa nimepungua, na Baba alikuwa amenikata kwa mwili wangu wa mwaka jana.

Mama akatoka jikoni na bakuli la mboga.

Shemeji alikuwa amempa mgongo. Mama alisimama. Bakuli halikumponyoka. Alilishika barabara, akalifikisha mezani, akalitua. Akatazama mgongo ule, kisha akatazama shati langu, kisha akamtazama Baba, na kwa mara ya kwanza kwa miezi sita alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameishi na fundi miaka yote. Alijua kitambaa kinakunjwaje.

"Mwanangu, livue," alimwambia Shemeji, na hakukuwa na ukali.

Shemeji alilivua pale pale, akabaki na fulana. Mama alilichukua, akaketi kwenye kiti chake, akaomba wembe. Dukani kazi ya kufumua ilikuwa yake. Mshono ukikosewa apewe Mama, ana subira. Dada alimletea wembe bila kuuliza. Mama akaanza na pindo. Tulikaa tukisikiliza uzi ukikatika, tk, tk, na mvuke wa chakula ukipungua juu ya sahani. Baba aliangalia mikono yake. Mama alipofika kwenye vitundu vya vifungo akapitisha kidole.

"Nani kashona hivi?"

Nikasema ni mimi.

"Vibaya," alisema.

Na hapo nikasema. Sikuwa nimepanga kuanzia hapo, lakini mdomo ulikuwa umefunguka tayari. Nilisema Baba hakumtuma Kaka. Nilisema alinituma mimi, nikaitika, nikamwomba Kaka aniendee kwa sababu nilikuwa na fomu. Nilisema Baba alijua siku zote. Baba alinishika kifundo cha mkono chini ya meza, akakibana mpaka nikasikia maumivu, nami nikaendelea mpaka mwisho. Nikaomba radhi. Nikangoja.

Mama hakulia. Aliufikisha wembe mwisho wa mshono wa bega, mkono mmoja wa shati ukaachana na mwili wake. Akaukunja.

Kisha akamgeukia Baba. "Na wewe ukakaa kimya."

Baba alisema, "Ndiyo."

"Miezi sita."

"Ndiyo."

Aliivuta sahani ya Baba, akagusa wali kwa mgongo wa kidole, akaona umepoa. Akaamka akaenda kuupasha moto. Aliporudi alimwekea mbele na kumwambia ale. Mimi sahani yangu ilikuwa kando ya sahani ya Baba. Hakuigusa. Hakunitazama kwa hasira, sikuwa na bahati hiyo. Alinipita tu kwa macho, kutoka kwa Baba hadi kwa Dada, kama mtu anavyopita nguzo ya ukumbi akitafuta aliyekuja kumwona.

Dada alikuwa analia kimya, leso mdomoni. Shemeji aliomba ruhusa akavae shati lake alilokuja nalo. Chakula kililiwa. Mama alimuuliza Baba kama mboga imeiva sawasawa, naye akasema imeiva. Akamuuliza kama wateja wote wamechukua nguo zao, naye akasema bado mmoja. Yalikuwa mazungumzo ya kawaida kabisa, nami nilikuwa nimeyasubiri miezi sita. Niliyasikiliza nikiwa nimekaa katikati yao, na hakuna lililopitia kwangu.

Baada ya chakula nilitoka uani kuosha vyombo. Dada alinifuata na sufuria, akakunja mikono ya gauni lake, akasuuza nami mpaka tulipofika kwenye vijiko.

"Umefanya vizuri," alisema. "Ila leo sitaki kukuona."

Nikasema nimeelewa.

"Hujaelewa. Nilikuwa naye Baba wa kumlaumu, nikazoea. Sasa nianze upya na wewe, sikukuu yote hii." Alijifuta pua kwa kiwiko. "Ungengoja hata Jumatatu."

Alibeba sahani safi akaingia ndani. Nilibaki na sufuria kubwa iliyoshika chini. Niliisugua kwa mchanga. Sikukuu za nyumba za jirani zilikuwa zimepamba moto. Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa anasimulia jambo na kila baada ya muda kidogo wote wanaangua kicheko.

Baba akatokea mlangoni. Nilidhani amekuja kunishukuru, au walau kunishika bega. Bado nilikuwa nadhani mambo ya namna hiyo. Alisimama kizingitini, hakushuka uani.

"Nilikwambia liishie dukani."

"Ndiyo, Baba."

"Nilikuwa naliweza. Asubuhi naamka, nalibeba, nakwenda kazini. Nilikuwa najua nabeba nini na kwa ajili ya nani." Alitazama sufuria, hakunitazama mimi. "Yule mwenzako sikuweza kumfanyia kitu. Hili nilikuwa nakufanyia wewe. Sasa mimi nimebaki kufanya nini?"

Nilisema sikutaka aendelee kuumia kwa ajili yangu, na maneno yale, niliyoyaandaa tangu Alhamisi nikayaona mazuri, yalitoka mepesi kama povu la sabuni.

Ndani, Mama akaita. Tangu Kaka, mzaliwa wao wa kwanza, azaliwe, Mama alikuwa akimwita Baba kwa jina la mtoto huyo, Baba wa fulani, kama wanawake wengi wanavyowaita waume zao, na jina la Kaka lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba ile tangu tuliporudi makaburini. Sasa alilitamka lote, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka chumba kingine kwa jambo dogo.

Baba alishtuka, akashika mlango. Akaitika. Mama hakusema anamwitia nini, akaita tena, jina lile lile.

"Nakuja," Baba alisema, akaingia ndani upesi, bila kugeuka. Nikaongeza mchanga kwenye sufuria.